Je, wajua kwanini handaki la reli likitelekezwa linajaa maji hata kama lipo mlimani?

Wengi wetu wa Dar handaki la treni tumelijua juzi juzi tu, SGR ilipoanza kwenda Dodoma 2024. Umepanda zako pale stesheni mjini, imepita Pugu, imepita Moro, mkifika maeneo ya Kilosa ghafla dirisha linakuwa giza tii, watoto behewa zima wanapiga kelele, kabla hujakaa sawa mwanga umerudi. Yapo manne pale, ukiyajumlisha yanafika kama kilomita 2.6 na refu kuliko yote limezidi kilomita moja kidogo.

Sasa siku hizi kuna video zinazunguka kwenye simu za watu wa Ulaya na Marekani wanaoingia kwenye mahandaki ya reli yaliyoachwa miaka mingi, unawaona wamevaa mabuti ya mpaka kiunoni, wengine wana viboti vya kupuliza, taa kichwani, na ndani humo maji yametulia mpaka huko mbele unaona yamegusana na dari. Na swali linakuja lilelile kila mara: haya maji yameingilia wapi? Handaki lipo kwenye kilima, hakuna mto unaoingia, na mvua hainyeshi ndani. Wengi wanajibu tu kwamba ni mvua imeingilia mlangoni, lakini hiyo ni sehemu ndogo sana ya maji yale. Mengi yanatoka kwenye mlima wenyewe.

Iko hivi. Mvua ikinyesha juu ya kilima, maji mengine yanateremka bondeni na mengine yanazama, yanapita kwenye udongo, yanaingia kwenye nyufa za mwamba mpaka yanafika mahali ambapo kila ufa na kila kitundu kimeshajaa, na ule usawa wake ndo tunauita usawa wa maji ya ardhini. Ndani ya kilima usawa huo mara nyingi unapanda kufuata umbo la kilima, kwa hiyo ukiwa umesimama bondeni inawezekana kabisa maji yaliyo ndani ya mlima yapo juu ya kichwa chako. Ukilipua mwamba kwa baruti ukapitisha handaki humo, umechimba kisima kama vile wanavyochimba watu Mbagala, ila hiki umekilaza ubavu. Nyufa zote ulizozikata zinaanza kuleta maji kwako, mchana na usiku, masika na kiangazi.

Mafundi wanalijua hili tangu zamani na ndo maana handaki la reli halijengwi likiwa tambarare kabisa, wanalipa mwinamo, ama linashuka kuelekea mlango mmoja, ama wanainua katikati ili maji yagawane pande mbili. Chini ya kokoto au pembeni mwa mataruma kunapita mtaro. Na kwenye mahandaki mengi ya zamani ya matofali waliacha matundu makusudi ukutani, maana ukiziba kila mahali maji yanajikusanya nyuma ya ukuta mpaka yanausukuma. Kwa hiyo ukiona handaki zima linatiririka kidogo kidogo usiogope, hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kinacholifanya lipitike ni ule mtaro kuwa wazi, na mtaro unakuwa wazi kwa sababu kuna watu wanauzibua. Hawa wafanyakazi wa njia, wenye sururu na makoleo, mimi naona hawasemwi vya kutosha kabisa, tunapiga picha kichwa cha treni tu.

Reli ikifungwa hao watu wanaondoka. Hapo hakuna tukio lolote kubwa la kutisha, ni majani yanaingia, tope linashuka, kipande cha tofali kinaanguka mtaroni, mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Baya zaidi ni pale wanapoifukia njia ya nje. Treni nyingi kabla ya kuingia handakini zinapita kwenye mfereji mpana uliochimbwa kukata kilima, sasa reli ikishang'olewa ule mfereji unaonekana ni shimo la bure, watu wanamwaga vifusi na taka humo. Kama upande huo ndo ulikuwa wa chini, basi umeweka kizibo.

Mfano mzuri ni handaki la Queensbury, kule Yorkshire, Uingereza. Lilifunguliwa 1878, likafungwa 1956, urefu wake kama kilomita 2.3 na linashuka kuelekea kusini kwa mwinamo wa mita 1 kila mita 100. Ule mfereji wa upande wa kusini ulikuja kufukiwa, maji yakakosa pa kutokea, yakaanza kurudi ndani. Sasa hebu pigeni hesabu, maana hapa ndo watu wanapodanganyika. Unaingia kwa mlango wa juu, pakavu, unatembea zako unakutana na maji ya kwenye kifundo cha mguu. Ukienda mita 100 mbele maji yameongezeka mita nzima, yapo kiunoni. Mita 50 nyingine yapo kidevuni, na chini unahisi ni tambarare kabisa kwa sababu mwinamo wa 1 kwa 100 mguu hauusikii. Handaki la treni lina kimo cha mita 6 hivi, kwa hiyo kwenye mwinamo huo, kuanzia maji yanapoanza mpaka yanapokutana na dari ni kama mita 600. Ukitazama kwa taa unaona kama dari ndo inashuka kufuata maji, kumbe njia yote inazama na maji ndo yamekaa sawa.

Na Queensbury ilikuwa na pampu! Kulikuwa na eneo nje pale limewekwa mitambo ya kutoa maji ili wahandisi waingie kukagua, eneo lenyewe la kukodi, kodi yake pauni 50 tu kwa mwaka. Ikafika mahali kodi hiyo haikulipwa, 2018 pampu zikazimwa, maji yakarudi. Pauni 50! Kwa handaki ambalo watu wa pale walikuwa wanapigania ligeuzwe njia ya baiskeli. Hili linaniuma hata kama ni mbali na kwetu, kwa sababu lile handaki watu walilichimba na wengine walifia humo.

Usidhani ni mahandaki yaliyokufa tu. Handaki la Severn, linalopita chini ya mlango wa mto Severn kati ya Uingereza na Wales, urefu wa kilomita 7, treni zinapita mpaka leo lakini pampu hazijawahi kupumzika, zinatoa makumi ya mamilioni ya lita kila siku. Maji mengi siyo ya mtoni, ni ya chemchemi kubwa ambayo wachimbaji waliitoboa Oktoba 1879, handaki likajaa. Ili waanze kupampu ilibidi kwanza mtu ashuke kufunga mlango wa chuma uliokuwa umeachwa wazi, kama mita 300 ndani ya njia iliyojaa maji, giza totoro. Mzamiaji Alexander Lambert alijaribu na mpira wa kawaida wa kumletea hewa kutoka nje akashindwa, mpira ulikuwa unaelea unagandamana na dari, huwezi kuuvuta. Akarudi 1880 na kifaa kipya wakati ule, cha Henry Fleuss, mtu anabeba oksijeni yake mgongoni bila mpira wowote, akang'oa reli ya kitoroli iliyokuwa inazuia mlango, akaufunga. Akafunga na vali pia, ila baadaye ikagundulika vali ile nati yake inazungukia kinyume, kwa hiyo alichofanya ni kuifungua iliyokuwa imefungwa. Pamoja na hayo pampu zilishinda, na 1886 treni za abiria zikaanza kupita.

Wanaoingia kwenye haya yaliyoachwa hatari yao kubwa wala siyo kuzama, ni hewa. Pale maji yakishaziba upande mmoja upepo haupiti tena, mbao zinaoza, chuma kinashika kutu, vyote vinakula oksijeni, na hewa ukaa ni nzito inakaa chini, huioni na hainuki, mtu anaanza kuumwa kichwa anafikiri ni uchovu. Ndo maana wanaojua kazi yao wanaingia na kipima gesi na hawaendi peke yao. Hatari nyingine ni mashimo yaliyopo chini ya maji, maana maji yale yakitulia yanakuwa maangavu kama hayapo, ukipiga hatua moja tope la kutu la rangi ya chungwa linatibuka na huoni tena unapokanyaga.

Kwetu reli ya kati ya zamani, ile Wajerumani walianza kuijenga kutokea Dar 1905, kule Kilosa inafuata bonde la mto Mkondoa na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikatakata. Hayo ni maji ya juu, unayaona yanakuja. TAZARA ina mahandaki zaidi ya 20, mengi yapo kati ya Mlimba na Makambako, na yamechimbwa miaka ya 70, kwa hiyo kuna mitaro kule imekuwa ikizibuliwa kwa miaka hamsini.

Na je, lililojaa linaweza kukaushwa? Inawezekana, ila pampu peke yake inataka mtu wa kulipa milele, dawa hasa ni kufungua mlango wa chini maji yatoke yenyewe. Handaki la Blue Ridge, Virginia, Marekani, lina kama kilomita 1.3, wakati wa kulichimba maji yaliwasumbua mpaka mhandisi Claudius Crozet akalaza bomba la kufyonza lenye urefu wa zaidi ya mita 500. Liliachwa 1944, likakaa hivyo kwa miaka zaidi ya sabini, wakaja kulisafisha na kulitengeneza, na tangu 2020 watu wanapita kwa miguu mlango hadi mlango. Bado linadondosha maji, wanaokwenda wanaambiwa wabebe tochi na wavae viatu visivyoteleza.