Nyangumi Harushi Maji ya Bahari

Wengi wetu hapa Mbeya tumemjua nyangumi kwa picha za vitabuni, nazo zimetuaminisha kwamba hunywa maji na kuyarusha juu kupitia kichwani. Sivyo. Nyangumi ni mamalia mwenye mapafu, na kile wanachokiona watafiti walio sitahani, meli yao ikirejea bandarini, ni pumzi yenye joto na unyevu inayotoka kwa nguvu na kugeuka ukungu, pamoja na matone yaliyotuama juu ya tundu la pua. Aliyepumua nje alfajiri ya baridi ya Julai kule kwenye milima ya Uporoto ameuona ukungu wa namna hiyo mdomoni mwake. Kwa ukungu huo huo watafiti humtambua mnyama angali mbali: wa nyangumi wa buluu husimama wima, mara nyingine ukifika mita 9, ilhali wa nyangumi wa nundu ni mfupi uliotanuka.