Ndege za majaribio zinazoipita kasi ya sauti: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mwezi Oktoba 1953 ndege ya kivita ya Marekani iitwayo YF-102 iliruka kwa mara ya kwanza, ikiwa na mabawa ya pembetatu, pua iliyochongoka na injini ambayo wasanifu wake waliamini ingeivusha kasi ya sauti bila taabu. Haikuvuka. Kila iliporuka kwa usawa na kuikaribia kasi hiyo, ukinzani wa hewa ulizidi msukumo wa injini. Kasoro ilikuwa katika umbo. Richard Whitcomb, mhandisi wa kituo cha utafiti cha Langley, alikuwa amekwisha kugundua kwamba karibu na kasi ya sauti hewa haitofautishi bawa na kiwiliwili: kinachohesabika ni eneo la mkato wa ndege nzima, likipimwa kipande baada ya kipande kutoka puani hadi mkiani, na eneo hilo likiongezeka au kupungua ghafla, ukinzani hupanda mno. Basi kiwiliwili kikabanwa kiunoni, pale mabawa yanapoungana nacho, na sehemu ya nyuma ikarekebishwa. Tarehe 21 Desemba 1954 ndege hiyo iliyosanifiwa upya, ikitumia injini ya jamii ileile, iliipita kasi ya sauti huku ikiwa bado inapanda.

Kisa hiki kinagusa dhana iliyoenea kuliko zote, yaani kwamba kasi ya sauti hushindwa kwa nguvu za injini. Nguvu zinahitajika, lakini ndege ya majaribio hujengwa kwanza ili ipime kile ambacho mahesabu peke yake hayawezi kukithibitisha, na mengi yanayosemwa kimakosa kuhusu ndege hizi hutokana na kulisahau jambo hilo.

Dhana ya kwamba kuna ukuta angani

Usemi wa "kizuizi cha sauti" unatokana na maelezo ambayo mtafiti wa Uingereza, W. F. Hilton, alimpa mwandishi wa habari mwaka 1935, alipokuwa akifafanua jinsi ukinzani wa hewa kwenye bawa unavyopaa kama kizuizi kadiri kasi ya sauti inavyokaribia. Mstari uliochorwa kwenye grafu ukageuzwa kuwa ukuta katika fikra za wasomaji. Hata hivyo risasi za bunduki zilikuwa zikiipita kasi hiyo tangu zamani, Ernst Mach alikuwa amepiga picha za mawimbi ya mshtuko, yaani mabadiliko ya ghafla ya shinikizo la hewa, yanayoandamana na risasi katika miaka ya 1880, na roketi ya Ujerumani V-2 iliipita mwaka 1942. Swali lililobaki halikuwa kama kitu kinaweza kupita, bali kama mtu anaweza kukiongoza chombo chenye mabawa kinapopita.

Hatari yake ilikuwa ya kweli, na haifai kuidharau. Hewa inayozunguka bawa huongeza mwendo, hivyo sehemu za bawa hukutana na kasi ya sauti kabla ndege yenyewe haijaifikia. Mawimbi ya mshtuko huzaliwa hapo, huhama huku na huko, na ndege huanza kutikisika au kuinamisha pua bila kuamriwa. Geoffrey de Havilland, rubani wa majaribio wa Uingereza, alifariki tarehe 27 Septemba 1946 baada ya ndege aina ya DH.108 kuvunjika angani. Wakati huo hata mahandaki ya upepo yaliyotumiwa kupimia modeli hayakuweza kutoa vipimo vya kuaminika karibu na Mach 1, yaani kasi ya sauti yenyewe, kwa kuwa mawimbi ya mshtuko yaligonga kuta za handaki na kurudi kwenye modeli. Ilibidi anga yenyewe iwe maabara, na hiyo ndiyo sababu ya kujengwa kwa ndege ya majaribio ya Marekani, Bell X-1.

Kiwiliwili cha X-1 kilifuata umbo la risasi, kwa sababu ilijulikana kwamba risasi hubaki imetulia ikivuka kasi ya sauti. Mabawa yake yalikuwa yamenyooka, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba bila mabawa yaliyolazwa nyuma haiwezekani kupita. Siri yake ilikuwa wembamba, kwani unene wa bawa la ndege iliyoweka historia ulikuwa asilimia 8 tu ya upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Mtihani mkubwa ulikuwa mkiani. Rubani wake, Chuck Yeager, alipokaribia Mach 1, kibao cha nyuma kinachoinua na kushusha pua kiliacha kufanya kazi, kwa kuwa wimbi la mshtuko lilikaa pale pale penye bawaba yake. Ufumbuzi ulikuwa kuligeuza bawa dogo lote la mkiani badala ya kibao chake peke yake, wazo ambalo Waingereza walikuwa wameliweka katika usanifu wa Miles M.52 kabla mradi huo haujafutwa mwaka 1946. Tarehe 14 Oktoba 1947 Yeager alifikia Mach 1.06 akiwa kwenye kimo cha kilomita 13 hivi. Ndege haikugonga kitu chochote: mtikisiko ulipungua, na sindano ya kipimo cha kasi ikaruka mbele.

Hapa inafaa kuongeza kwamba kasi ya sauti haina thamani moja. Hutegemea halijoto: kwenye usawa wa bahari, hewa ikiwa na nyuzijoto 15 za Selsiasi, ni takriban kilomita 1,225 kwa saa, lakini juu ya kilomita 11, ambako halijoto hushuka hadi nyuzijoto 56 chini ya sifuri, ni takriban kilomita 1,062 kwa saa. Kwa hiyo marubani huzungumza kwa namba ya Mach, ambayo hulinganisha mwendo wa ndege na kasi ya sauti mahali ilipo.

Dhana kuhusu mshindo

Watu wengi huamini kwamba mshindo, yaani mlio mkubwa unaosikika ardhini kutokana na ndege iendayo kasi kuliko sauti, hutokea mara moja tu, sekunde ile ndege inapovuka Mach 1, kisha kimya hurejea. Ukweli ni kwamba mawimbi ya mshtuko huandamana na ndege muda wote inapokwenda kasi kuliko sauti, kama vile mawimbi ya maji yanavyoandamana na omo la chombo kinachokata bahari. Mawimbi hayo hutandaa kwa umbo la pia nyuma ya ndege na kufagia ardhi kwenye ukanda unaoweza kuwa na upana wa makumi ya kilomita. Kila aliye ndani ya ukanda huo huusikia mshindo mara moja, na ndiyo maana hudhani umetokea mara moja. Lakini jirani yake aliye mbele atausikia baadaye kidogo, na wa mbele zaidi vivyo hivyo, hadi rubani apunguze mwendo. Mara nyingi masikio hupata milio miwili iliyofuatana, kwa kuwa shinikizo la hewa hupanda ghafla wimbi la puani linapopita, hushuka hadi chini ya kawaida, kisha hurudi ghafla wimbi la mkiani linapofika. Rubani mwenyewe hausikii. Na lile wingu jeupe linaloizingira ndege katika picha maarufu si picha ya mshindo. Ni mvuke uliogandamana kuwa matone pale hewa ilipotanuka na kupoa, na mara nyingi huonekana kabla ndege haijafika Mach 1.

Uzito wa suala hili ulidhihirika Oklahoma City mwaka 1964, ambako kwa takriban miezi sita ndege za kivita zilipitishwa juu ya mji na kutoa mishindo zaidi ya 1,200 ili kupima uvumilivu wa wakazi. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1973 Marekani ikapiga marufuku ndege za kiraia kuruka kwa kasi kuliko sauti juu ya nchi kavu. Concorde, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1976, ililazimika kuitumia kasi yake hasa juu ya bahari hadi ilipostaafu mwaka 2003.

Kutokana na historia hiyo ilizuka dhana nyingine, kwamba mshindo hauepukiki. Mwaka 2003 wahandisi wa Marekani waliirefusha na kuitunisha pua ya ndege aina ya F-5, wakapima shinikizo lililofika ardhini, na vipimo vikathibitisha kile ambacho nadharia ilikuwa imesema kwa miaka mingi: umbo la ndege linaweza kubadili umbo la mshindo. X-59 ya NASA, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025 kutoka Palmdale, imejengwa juu ya msingi huo. Ina urefu wa mita 30 hivi na mabawa yenye upana wa mita 9 tu kutoka ncha hadi ncha. Injini yake imewekwa mgongoni, na pua yake ndefu huyatawanya mawimbi yasiungane kuwa wimbi moja kali. Pua hiyo imemnyima rubani kioo cha mbele, hivyo huona mbele yake kupitia kamera na skrini. Lengo ni kwamba ikiruka kwa Mach 1.4, aliye chini asikie kishindo hafifu.

Njia hiyo isichanganywe na ile ya XB-1 ya kampuni ya Boom, iliyofikia Mach 1.122 juu ya jangwa la Mojave tarehe 28 Januari 2025 bila mshindo kufika ardhini. Hapo kilichosaidia ni hali ya hewa: hewa ya chini ina joto zaidi, sauti husafiri haraka zaidi ndani yake, na mawimbi yanaposhuka hupinda na kurudi juu kabla ya kugusa ardhi. Hilo huwezekana pale ndege inapozidi kasi ya sauti kwa kiasi kidogo tu, kwenye kimo na hali ya hewa inayofaa.

Dhana ya kwamba majaribio ni kujitosa

XB-1 iliruka mara 11 chini ya kasi ya sauti kabla ya siku hiyo. Ndivyo majaribio yanavyokwenda: kasi huongezwa hatua kwa hatua, vipimo vya kila hatua hulinganishwa na mahesabu, na mabawa hutikiswa kwa makusudi ili kuona kama mtetemo unafifia au unakua, maana mpapatiko unaokua unaweza kulivunja bawa kwa sekunde chache. Ndege ya kusindikiza huwa karibu, ikiangalia kile ambacho rubani hawezi kukiona. Nawaheshimu marubani hawa kwa ujasiri wao, lakini nawaheshimu zaidi kwa nidhamu ya kurudi nyumbani bila kuigusa kasi ambayo haikuandikwa kwenye mpango wa siku.

Ajali zinafundisha kwa nini. William Phillips wa NACA, shirika la utafiti wa anga la Marekani lililoitangulia NASA, alikuwa ameonya kwa mahesabu mwaka 1948 kwamba ndege yenye kiwiliwili kirefu na mabawa mafupi, ikibingirika haraka, inaweza kupinda pua kando au juu bila rubani kuweza kuizuia. Tarehe 12 Desemba 1953 Yeager alifika Mach 2.44 katika X-1A, ikamponyoka na kuanguka takriban mita 15,000 huku ikipinduka ovyo kabla hajaitawala tena. Mel Apt hakupata bahati hiyo: tarehe 27 Septemba 1956, baada ya kuwa mtu wa kwanza kuvuka Mach 3, X-2 yake ilipoteza uthabiti alipoanza kugeuka, na akafariki.

Wapo pia wanaodhani kwamba kazi yote iko kwenye kasi kubwa. Kabla ya Concorde, Uingereza ilijenga ndege ya HP.115, iliyoruka mwaka 1961, mahususi ili kujifunza jinsi mabawa membamba ya pembetatu yanavyotenda ndege ikienda polepole, kwa sababu kila ndege, hata iwe na kasi ya namna gani, sharti itue.

Dhana ya mwisho ni kwamba ndege isiyofikia kasi iliyokusudiwa imepoteza fedha bure. Douglas X-3 ilisanifiwa ili ifike Mach 2, lakini haikupata injini zilizokusudiwa, na iliweza kuipita kasi ya sauti ikiwa inateremka tu. Tarehe 12 Oktoba 1954 rubani George Welch alifariki ndege aina ya F-100 ilipovunjika angani. Siku 15 baadaye Joe Walker aliibingirisha X-3 ghafla ikiwa karibu na kasi ya sauti, ikageuka kwa nguvu kupita alivyotaka, na vyombo vyake vikarekodi kila mwendo. Rekodi hizo ziliwasaidia wahandisi kuielewa hatari ambayo Phillips alikuwa ameitabiri, na F-100 ikapewa mkia wa wima mkubwa zaidi.