Jiko Lililouzwa Si Moshi Uliopungua

Wiki iliyopita nililetewa taarifa ya mwaka ya kampuni inayouza majiko banifu, yaani yaliyobuniwa yatumie kuni chache na kutoa moshi kidogo, nikaombwa nithibitishe sentensi moja ya ukurasa wa kwanza, isemayo kwamba kampuni hiyo imeboresha maisha ya mamia ya maelfu ya watu. Nilipouliza idadi hiyo ilipatikanaje, nilijibiwa kwa upole kwamba majiko yaliyouzwa yamezidishwa kwa tano, kwa sababu kaya moja huchukuliwa kuwa na watu watano. Hesabu hiyohiyo nimeikuta kwa wauzaji wa taa za sola, wa vichujio vya maji, wa pampu za umwagiliaji na wa vyoo vya gharama nafuu, na kila mara nimemweleza mhusika kasoro yake ofisini kwake. Nimechoka kueleza kwa mmojammoja, na sasa naandika kwa wote.

Kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini, na wateja wangu wengi ni biashara za kijamii, yaani kampuni zinazotafuta faida na papo hapo zinadai kutatua tatizo la jamii au la mazingira. Sina ugomvi na faida. Kampuni inayojiendesha kwa mauzo yake inaweza kubaki sokoni miaka mingi baada ya mfadhili kuondoka, na mnunuzi aliyelipa fedha yake ana nguvu ya kulalamika ambayo mpokeaji wa msaada hana. Ugomvi wangu ni na imani moja tu: kwamba bidhaa ikiwa bunifu na ikishauzwa, wema umeshatendeka, na kilichobaki ni kuuhesabu.

Neno linaloficha kosa hili ni "waliofikiwa". Tunaandika watu waliofikiwa, kaya zilizofikiwa, vijiji vilivyofikiwa, na hakuna anayeuliza wamefikiwa na nini. Gari la kampuni lilifika, na jiko lilifika. Je, moshi ulipungua? Mtoto alivuta hewa gani jioni ile? Kuni zilizochomwa mwezi huo zilikuwa kilo ngapi? Hayo ndiyo yaliyomfanya mwekezaji atoe fedha zake, na neno "kufikiwa" halijibu hata moja. Tena kitenzi chenyewe kiko katika kauli ya kutendwa: kampuni inatenda, watu wanatendwa. Ukweli ni kinyume chake. Mtendaji mkuu katika habari ya jiko ni mpishi, kwa maana ndiye anayeamua asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima, kama atawasha jiko jipya au ataendelea na moto aliouzoea.

Niliwahi kuketi jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa katika orodha ya wateja. Jiko banifu lilikuwepo, limepanguswa vizuri, rangi yake ya kiwandani haijababuka hata mdomoni, na juu yake pamewekwa ndoo ya maji. Hatua mbili pembeni palikuwa na mafiga matatu yenye masizi mabichi na majivu ya moto wa asubuhi hiyo. Nilipomuuliza kama analitumia jiko jipya, alisema ndiyo, kila siku, tena analipenda sana. Simwiti mwongo. Alikuwa mwenyeji mwenye adabu, aliyeona mgeni amesafiri kuja kuulizia jiko lake. Baada ya mazungumzo marefu, hojaji nikiwa nimeshaifunga, ndipo aliponieleza kwamba sufuria yake kubwa haikai sawasawa juu ya jiko lile, kwamba linayumba akikoroga kwa nguvu, na kwamba kuni lazima zipasuliwe vipande vyembamba, kazi ambayo hakuna wa kumsaidia. Jiko hulitumia kupasha maji kidogo akiwa na haraka. Katika taarifa ya kampuni, yeye na waliomo nyumbani mwake walihesabiwa watu watano walioboreshewa maisha.

Jiko jipya huongezwa na la zamani haliondoki. Kila aliyefanya kazi hii analijua jambo hilo. Naomba msomaji avumilie kidogo hapa, kwa kuwa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Watu hudhani kwamba kaya inayotumia jiko banifu nusu ya muda imepata nusu ya manufaa. Kwa upande wa kuni, pengine inakaribia kuwa kweli. Kwa upande wa afya, sivyo. Uhusiano kati ya moshi na magonjwa ya mapafu haufuati mstari ulionyooka: moshi ukiwa mwingi mno, hata ukiupunguza nusu unamwacha mtoto karibu palepale alipokuwa, na afueni kubwa huanza hewa inapokaribia kuwa safi. Tangu mwaka 2021, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wastani wa mwaka wa chembechembe ndogo sana zilizomo hewani, zile zinazoitwa PM2.5, usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jikoni penye moto wa kuni hupimwa mamia. Ukitoka 600 ukashuka hadi 300 umefanya kazi kubwa ya uhandisi, na huenda pafu la mtoto lisijue tofauti.

Ushahidi wa haya haujafichwa. Nchini India, katika jimbo la Odisha, wanauchumi Esther Duflo, Michael Greenstone na Rema Hanna walizifuatilia kaya zilizopewa majiko yaliyoboreshwa kwa muda wa hadi miaka 4. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa na wapishi ulipungua. Kisha tofauti ikayeyuka, kwa kuwa majiko yaliharibika, hayakutunzwa, na matumizi yake yakafifia. Hawakuona mabadiliko ya afya, wala kuni hazikupungua. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet ulihusisha watoto wadogo zaidi ya 10,000, na majiko yake yalikuwa ya hali ya juu, yenye feni iliyopata umeme kutoka kwenye paneli ya sola. Nimonia haikupungua. Kilichopungua ni majeraha ya kuungua, manufaa ambayo utafiti haukuanzishwa kwa ajili yake. Kama kampuni iliyonitumia taarifa ingeandika kwamba jiko lake huenda likapunguza watoto wanaoungua, kisha ikahesabu waliungua wangapi kabla na baada, ningetia sahihi yangu kwa furaha.

Katika biashara ya kaboni kosa hili lina bei. Kampuni huuza hati kwa mnunuzi wa mbali, ikimhakikishia kwamba kila hati ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikutolewa kwa sababu ya majiko yake. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya aina hiyo, wakakadiria kwamba hati zilizotolewa katika miradi waliyoichunguza zilizidi upungufu halisi kwa takribani mara 9. Wanaosoma habari hiyo huishia hapo na kusema majiko ni utapeli. Wangesoma zaidi wangekuta kwamba miradi ambayo matumizi ya nishati yalipimwa moja kwa moja kwa mita ilikuwa na kosa dogo kuliko nyingine zote. Tatizo kubwa lilikuwa kukadiria mambo ambayo yangeweza kupimwa: ni kaya ngapi zinalitumia jiko, mara ngapi kwa siku, na moto wa zamani umeachwa kwa kiasi gani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni inayosifiwa kila mwaka kwa idadi ya mauzo itaongeza magari ya kusambaza, haitaongeza watu wa kurudi jikoni kutazama.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kabla hata ya kufungua jedwali la takwimu. Najiuliza: baada ya bidhaa kumfikia mtu, ni maamuzi mangapi anapaswa kuyafanya, na kwa siku ngapi, ili wema uliokusudiwa utokee? Dokta Govindappa Venkataswamy alipoanzisha hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, mwaka 1976, ikiwa na vitanda 11, ubunifu wake haukuwa chombo kipya. Ulikuwa mpangilio wa kazi: daktari hugeuka kutoka meza moja kwenda nyingine huku wauguzi wakiwa wameshamwandaa mgonjwa anayefuata, na wagonjwa wanaolipa huwezesha wasio na uwezo kutibiwa bure au kwa bei ndogo. Kiwanda chao, Aurolab, kilianza mwaka 1992 kutengeneza lenzi za kuwekwa ndani ya jicho kwa sehemu ndogo ya bei ya zile zilizoagizwa kutoka nje. Lenzi ikishawekwa machoni haisahauliki kwenye rafu. Hapo idadi ya upasuaji inakaribia sana kuwa idadi ya manufaa, ingawa hata hapo mtathmini mwaminifu atataka kujua mgonjwa aliona kwa kiwango gani wiki kadhaa baadaye. Vivyo hivyo kwa ivermektini, ambayo kampuni ya Merck iliamua mwaka 1987 kuitoa bure dhidi ya usubi, ugonjwa unaoweza kupofusha: dawa inamezwa mbele ya mgawaji, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na uamuzi wa mtumiaji ni mmoja.

Linganisha na unga wa kusafisha maji uliotengenezwa na Procter & Gamble kwa kushirikiana na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Kikemia ni bidhaa nzuri mno. Pakiti moja husafisha lita 10: unaimimina, unakoroga dakika 5, unasubiri tope litue, unachuja kwa kitambaa cha pamba, kisha unasubiri dakika 20 ndipo unywe. Kesho unaanza tena, na keshokutwa tena, kwa pakiti nyingine ya kununua. Mauzo ya kibiashara hayakufika popote, na kampuni ikaamua kuuendeleza unga huo kama kazi ya hisani, ambako umesaidia sana wakati wa mafuriko na milipuko ya kipindupindu, watu wanapokuwa na sababu ya wazi ya kuvumilia hatua zote hizo kwa muda mfupi. Unga ni uleule. Kilichobadilika ni maamuzi anayodaiwa mtumiaji.

Mfano wa PlayPump naupitia haraka, kwa kuwa umeshasimuliwa sana. Ilikuwa pampu iliyofungwa kwenye bembea ya kuzunguka ili watoto wakicheza maji yapande tangini, na mwaka 2006 ilitangazwa kwamba pampu 4,000 zingewapa maji watu milioni 10 kufikia mwaka 2010. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilipiga hesabu likaona kwamba, ili lengo hilo litimie, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mhasibu yeyote siku ya kwanza.

Swali la pili ni lile la "ingekuwaje bila ninyi?" Wauzaji wa taa za sola bado wanaandika lita za mafuta ya taa zilizookolewa, ilhali katika maeneo mengi ya vijijini Afrika watu walishayaacha mafuta ya taa wenyewe, wakahamia kwenye tochi za bei rahisi za betri kavu kabla ya muuzaji kupita. Taa ya sola bado inaweza kuwa bora kuliko tochi. Lakini huwezi kuokoa mafuta ambayo hayakuwa yakichomwa.

Mifumo ya sola inayolipiwa kidogokidogo kwa simu ilinipa matumaini makubwa, na bado ninayo. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni kuweza kujua, bila kumtuma mtu, kwamba kifaa ilichouza mwaka jana bado kinafanya kazi. Kasoro nimeiona baadaye: anayelipa kila siku anaweza kuwa analipa kwa kujinyima jambo lingine kwa sababu hataki kuzimiwa taa, na takwimu za malipo zinamwonyesha kuwa mteja aliyeridhika. Malipo yanathibitisha matumizi. Hayathibitishi unafuu.

Kuna mashaka ambayo vitabu vya fani yangu huyapitia juujuu, nami sipendi kuyaficha. Kihisi joto kinachofungwa kwenye jiko ili kirekodi kila linapowashwa ni bora mara nyingi kuliko hojaji, lakini mtu anayejua kwamba jiko lake linarekodiwa huliwasha zaidi, na sijui namna ya kukiondoa kishawishi hicho bila kumficha mtu kinachofanyika nyumbani kwake, jambo ambalo sitalifanya. Tathmini nzuri yenye kundi la ulinganisho, yaani kaya zisizo na bidhaa, inaweza kuigharimu kampuni changa fedha ambazo zingelipa mafundi wake, na nimewahi kushauri isifanyike. Naogopa pia kwamba tukishikilia mno vipimo, wabunifu watakimbilia matatizo yanayopimika kwa urahisi na kuyaacha yale magumu. Na yule mama aliyepangusa jiko lake likang'aa? Alilionea fahari. Hojaji yangu haikuwa na nafasi ya kuiandika fahari hiyo, na mpaka leo sina uhakika kwamba si manufaa.

Taarifa ya kampuni nimeirudisha bila sahihi. Nimependekeza sentensi ya ukurasa wa kwanza iseme idadi ya majiko yaliyouzwa, basi, na nimeomba majina ya kaya 60 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa walionunua zaidi ya mwaka mmoja uliopita, ili mtu aende saa ya kupika bila kutanguliza taarifa ya siku, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba atazame ni moto upi unaowaka. Mkurugenzi amenipigia simu akiuliza kama kaya 20 hazitoshi. Nimemwambia tuanze na hizo 20, mradi orodha niichague mimi.