Kabla ya kusakinisha Linux upya: Wi-Fi yako imekwama wapi?

Tangu Microsoft isitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanafunzi na watumishi wengi wa chuo wamehamishia laptopu zao za zamani kwenye Ubuntu na Linux Mint, mifumo endeshi ya familia ya Linux. Kitengo cha TEHAMA kinaunga mkono uamuzi huo. Hata hivyo, malalamiko ya "Wi-Fi imegoma" yameongezeka kwenye dawati letu, na wengi hufika wakiwa wameshasakinisha mfumo upya mara mbili au tatu. Kwa hitilafu zinazoelezwa hapa, kusakinisha upya ni kupoteza muda na bando. Kinachotakiwa ni kujua mtandao umekwama hatua ipi.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", Wi-Fi imezimwa na programu, iwashe kwa `rfkill unblock wifi`. "Hard blocked: yes" ni jambo jingine: swichi ya ubavuni au kitufe cha kibodi ndicho kilichoizima, na hakuna amri itakayoiwasha. Kama orodha haina kabisa mstari wa "Wireless LAN", mara nyingi tatizo ni kiendeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kadi ya Wi-Fi.

Hapo andika `lspci -nnk`, utafute "Network controller". Chini yake panapaswa kuwa na "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwepo, soma jina la chipu. Za Intel kwa kawaida hujiendea zenyewe. Za Broadcom, mfano BCM43142, zinahitaji kifurushi cha ziada, na kukipakua kunahitaji intaneti ambayo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kusambaza mtandao kupitia USB. Laptopu itaipokea kama mtandao wa waya. Sasa andika:

`sudo apt update`
`sudo apt install bcmwl-kernel-source`

Wengi hukwama baada ya hapo. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizo na saini inayoaminika wakati laptopu inawaka) imewashwa, usakinishaji utakuomba uunde nywila ya muda yenye herufi 8 au zaidi. Ukiwasha upya laptopu, inatokea skrini ya buluu yenye maneno "Perform MOK management", nayo husubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK" (kusajili ufunguo wa saini ya kiendeshi), kisha "Continue", kisha "Yes", andika nywila ile, umalizie na "Reboot". Ukiiacha ipite, au ukichagua "Continue boot", kiendeshi kitakuwa kimesakinishwa lakini kerneli (kiini cha mfumo) itakikataa, nawe utadhani kifurushi ni kibovu. Kwenye Ubuntu, ombi hilo hurudiwa kwa `sudo update-secureboot-policy --enroll-key`.

Tunaomba pia watu waache kuhangaishwa na kila mstari mwekundu. Wenye chipu za Intel hutuletea kutoka kwenye matokeo ya `sudo dmesg` (kumbukumbu za kerneli) mstari wa "Direct firmware load for iwlwifi… failed with error -2" kama ushahidi kwamba kadi imekufa. Namba -2 maana yake ni faili halikupatikana. Kiendeshi huanza kutafuta toleo jipya la famuwea (programu ya ndani ya kadi), kisha hushuka moja moja hadi lile lililopo. Soma mistari inayofuata: ukikuta "loaded firmware version", famuwea imepakiwa na hitilafu iko kwingine.

Mtandao wa chuo hauzuii Linux. Dhana hiyo inatokana na laptopu inayoona mtandao vizuri lakini inaomba nywila tena na tena ingawa nywila ni sahihi. Kwanza, kwenye mipangilio ya usalama ya mtandao huo, hakikisha umechagua WPA & WPA2 Enterprise, PEAP na MSCHAPv2 (njia za kuthibitisha mtumiaji), na jina la mtumiaji umeliandika kamili pamoja na @ na kinachofuata. Kisha andika `timedatectl`. Laptopu za zamani mara nyingi betri ya saa imekwisha (kwa kawaida CR2032 ya volti 3), hivyo tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha seva yetu (hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa ni seva ya chuo), kwa saa hiyo, bado hakijaanza kutumika, na laptopu inakikataa. Ukiandika `journalctl -u wpa_supplicant -b` utakuta "certificate is not yet valid". Laptopu haiwezi kurekebisha saa kupitia mtandao ambao haijaingia, kwa hiyo irekebishe kwa mkono: `sudo timedatectl set-ntp false`, halafu `sudo timedatectl set-time` ikifuatwa na tarehe na saa ndani ya alama za nukuu, kwa mpangilio wa '2026-03-09 08:30:00'. Ukishaunganishwa, rudisha kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Betri usipoibadilisha, utarudia kazi hii.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kuweka alama kwenye "No CA certificate is required". Hatushauri. Laptopu haitajua tena kama inazungumza na seva ya chuo au na kifaa cha mtu aliyetega mtandao wenye jina lilelile ili avune nywila.

Na kuazima akaunti ya mwenzako si utatuzi. Kwa kanuni zetu akaunti zote mbili husimamishwa. Kuingia bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya manufaa yaliyopatikana, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ukishindwa, njoo na laptopu, chaja yake na faili la matokeo:

`rfkill list > wifi.txt`
`lspci -nnk >> wifi.txt`
`sudo dmesg | grep -i firmware >> wifi.txt`

Angalia alama: `>` moja hufuta kilichomo kwenye faili, mbili huongeza chini yake. Nywila yako usiiandike humo wala kumtajia mhudumu wa dawati. Hana haja nayo.