Rubani kufaulu kipimo cha umeme wa moyo hakumaanishi mishipa yake ni safi

Uwanjani Kigoma, watu wakisubiri ndege ya Dar es Salaam, utasikia: "Marubani hupimwa moyo kila mara, ugonjwa hauwezi kujificha." Kupimwa wanapimwa. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinataka rubani wa ndege za biashara aliyevuka miaka 50 apimwe umeme wa moyo angalau mara moja kwa mwaka.

Ila kipimo hicho, mtu akiwa amelala, huonyesha mwenendo wa mapigo na pengine kovu la shambulio lililopita. Mafuta yanayojijenga taratibu kwenye kuta za mishipa ya moyo hakiyaoni. Hata kipimo cha kukimbia kwenye mashine hufichua hasa mshipa uliobana sana, ilhali mashambulio mengi huanzia kwenye mshipa ambao haukuwa umebana hivyo: utando wa mafuta hupasuka, damu ikaganda juu yake.

Ndiyo maana daktari makini huangalia pia presha, lehemu (kolesteroli), sukari, sigara na historia ya familia. Akiona hatari ni kubwa, anaweza kuagiza CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, ya kutafuta kalsiamu mishipani, ambayo ni alama ya mafuta hayo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kinga hasa, maana ugonjwa ulioonekana mapema hutibika.

Abiria wasiogope: ndege kubwa za abiria huwa na marubani wawili, na mmoja akizidiwa mwenzake huitua.