Baridi ya Moshi haizai mafua makali
Julai hapa Moshi, wingu likifunika Kilimanjaro siku nzima, utasikia: "Baridi imenipiga, ngoja nikanunue amoksilini." Hapana, ndugu yangu. Influenza, yaani mafua makali, huletwa na virusi, vilivyotambuliwa kwa binadamu tangu 1933. Baridi hutukusanya ndani, madirisha yamefungwa, hata kwenye daladala. Mmoja akikohoa, wenzake huweza kuanza homa na maumivu ya mwili baada ya siku 1 hadi 4. Amoksilini huua bakteria. Virusi haiviwezi kabisa, na kuimeza ovyo hulea usugu wa dawa, yaani bakteria huizoea hadi isiwaue tena. Pumzika, kunywa maji ya kutosha. Lakini mtoto, mjamzito au mzee akihema kwa shida, tafadhali mpelekeni hospitali mara moja.