Je, wajua kwa nini kuba kubwa za kale hazijaanguka?

Fundi anayejenga leo Mbagala, Goba au Kigamboni hakubali kumwaga paa la zege bila nondo, na ukimwomba afanye hivyo atakuona kama mtu asiyeitakia mema nyumba yake. Lakini katikati ya jiji la Roma limesimama jengo liitwalo Pantheon, ambalo paa lake la zege, lenye umbo la kuba, lina upana wa meta 43 bila nguzo katikati wala nondo hata moja ndani yake. Lilikamilika katika enzi ya Kaisari Hadrian, yapata mwaka 125, na mpaka sasa hakuna kuba nyingine ya zege lisilo na nondo iliyolizidi kwa upana. Wanaosafiri kulitazama huinua shingo na kukodolea macho tundu la mviringo lililoachwa wazi kileleni. Hata hivyo, jibu la swali la kwa nini paa hilo bado liko juu haliko kileleni, bali liko chini zaidi, mahali tunapoweza kupaita kiuno cha kuba.

Wengi hudhani kwamba hatari ya kuba ni kuporomoka moja kwa moja kwa sababu ya uzito wake, kama mzigo unavyomwangukia mchukuzi. Ukitaka kuona hatari yenyewe, chukua nusu ya ganda la chungwa lililokwisha kukamuliwa, ulifudikize mezani, kisha ulikandamize taratibu kwa kiganja. Sehemu ya juu haipati dhara lolote, kwa kuwa inazidi kubanana. Ukingo wa chini ndio unaotanuka, na ukiendelea kukandamiza utauona ukichanika kwa mistari inayopanda kuelekea juu. Kuba ya mawe, matofali au zege hufanya vivyo hivyo. Kwa kuba ya nusu duara yenye unene ulio sawa kote, wahandisi wamekokotoa kwamba sehemu yote iliyo juu ya pembe ya digrii 52 hivi kutoka kileleni hubanwa tu, ilhali iliyo chini ya hapo huvutwa kwenda nje. Jiwe, tofali na chokaa huvumilia sana kubanwa, lakini huvumilia kidogo mno kuvutwa.

Mafundi wetu wanalijua jambo hili kwa mikono, hata kama hawalisemi kwa maneno hayo. Kabla ya kuezeka huzungusha mkanda wa zege lenye nondo juu ya kuta zote, nao huuita lenta, ili kuta zishikane na zisiachane paa likishazielemea. Karibu historia yote ya kuba kubwa za dunia ni historia ya watu waliotafuta lenta kabla nondo za leo hazijakuwapo.

Warumi waliitafuta katika unene. Ukuta wa Pantheon una unene wa takriban meta 6, na kuba yenyewe ni nene sana pale inapoanzia, kisha inazidi kuwa nyembamba hadi kufikia kama meta 1.2 pembeni mwa tundu la juu. Hata kokoto zilibadilishwa kadiri ujenzi ulivyopanda: chini walitumia mawe mazito, na juu kabisa jiwe jepesi la volkano lenye matundu kama sifongo. Uso wa ndani ulichongwa vishimo 140, katika safu 5 za vishimo 28 kila moja, na watalii huvipiga picha kama mapambo bila kujua kwamba vinapunguza uzito pia. Pamoja na hila zote hizo, kuba hiyo imepasuka. Ina nyufa za wima zinazoanzia chini na kupanda, sawasawa na zile za ganda la chungwa, isipokuwa kwamba ukuta mnene umeuzuia msukumo wa kwenda nje, na nyufa hizo zimetulia mahali pake.

Mjini Istanbul gharama ya kukosea kipimo ilionekana mapema. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537, baada ya kazi ya miaka mitano tu, ikiwa na kuba iliyokuwa bapa kupita kiasi. Kadiri kuba inavyokuwa bapa ndivyo inavyozidi kusukuma kuta kwenda nje, na baada ya matetemeko ya ardhi kuba hiyo ilianguka mwaka 558. Isidore Mdogo aliyepewa kazi ya kuijenga upya aliiinua kwa karibu meta 6 zaidi, msukumo ukapungua. Ile ndiyo tunayoiona leo, ingawa vipande vyake viliwahi kuanguka tena na kurudishiwa katika karne zilizofuata. Madirisha 40 yaliyozunguka kiuno chake huifanya ionekane kana kwamba inaelea hewani, nayo pia yamewekwa kwa akili: yako mahali hasa ambapo nyufa zingetokea, na mahali penye uwazi tayari hapawezi kupasuka.

Lakini kama ningeambiwa nichague safari moja tu, ningechagua Florence. Raia wa mji huo walijenga kanisa kuu lenye tundu la pembe nane juu yake, lenye upana wa zaidi ya meta 40, huku hakuna mtu aliyejua namna ya kulifunika. Tatizo la kwanza lilikuwa mbao. Kwa kawaida kuba hujengwa juu ya fomu inayoshikiliwa na mirunda mpaka chokaa ikauke, na mirunda ya kufika kimo kile, kwa upana ule, haikuwezekana. Filippo Brunelleschi, ambaye ufundi wake wa awali ulikuwa wa usonara, alianza kazi mwaka 1420 na kuifunga kuba mwaka 1436 bila fomu ya aina hiyo. Alipanga matofali kwa mtindo ambao Waitaliano huufananisha na miiba ya samaki: kila baada ya matofali machache yaliyolazwa, moja lilisimamishwa wima, likayashikilia yale ya kando yake yasiteleze wakati chokaa ikiwa bado mbichi. Kila mzunguko uliokamilika ulijibana wenyewe, ukawa jukwaa la mzunguko uliofuata. Alijenga pia maganda mawili, moja ndani ya jingine, yenye nafasi katikati inayopitika kwa miguu. Ama kuhusu lenta, alizungusha minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa vyuma, pamoja na mmoja wa mbao. Mgeni hupanda ngazi 463, na sehemu ya njia hiyo hupita kati ya maganda hayo mawili; humo huyaona matofali ya Brunelleschi kwa karibu kiasi cha kuyagusa.

Kuba ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, ni mashuhuri zaidi, lakini somo lake liko katika nyufa zake. Kufikia miaka ya 1740 zilikuwa zimetisha kiasi kwamba Papa Benedikto wa 14 aliwaita wataalamu wa hisabati. Mmoja wao, Giovanni Poleni, alichukua uzi, akaufunga vitu vyenye uzito uliolingana na sehemu mbalimbali za kuba, akauacha uning'inie. Mstari uliojichora, ukigeuzwa juu chini, ndio njia ambayo uzito hupitia katika kuba, na alipoona kwamba mstari huo unabaki ndani ya unene wa ukuta, alisema kuba haitaanguka. Hata hivyo alishauri ifungwe mikanda ya chuma, nayo ikafungwa. Kanuni hiyo ya mnyororo unaoning'inia ilikuwa imeshaelezwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1675. Rafiki yake Christopher Wren alipojenga Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini London, alificha pia koni ya matofali kati ya kuba ya ndani na ile ya nje. Koni hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wa mnara mdogo wa kileleni, ilhali kuba inayoonekana kutoka barabarani ni mbao zilizofunikwa kwa mabati ya madini ya risasi.

Mtu wa Dar es Salaam hana haja ya pasi ya kusafiria ili kuona kuba ya kale. Zaidi ya kilometa 300 kusini, ukishavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kuna Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao upanuzi wake wa karne ya 14 uliezekwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Nyumba za mawe za pwani yetu kwa kawaida zilikuwa na vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, yaani karibu meta 3. Kuba iliwapa wajenzi njia ya kufunika eneo bila boriti. Paa la kwanza la upanuzi huo liliporomoka, likajengwa upya katika karne ya 15 juu ya nguzo za pembe nane. Zikitazamwa kwa macho yaliyokwisha kuzoea kutafuta kiuno, kuba hizo ndogo zimepangwa kwa werevu: kila moja husukuma kwenda nje, lakini jirani yake huisukuma kwa nguvu ile ile kurudi ndani, hata nguzo za katikati zikabaki na kazi moja tu ya kubeba uzito unaoshuka. Msukumo usio na wa kuupinga hubaki kwenye safu za pembeni, na huko ndiko zilikowekwa kuta nene.